Sifa za Njeo za Kiingereza, Watoza Hongo wa Ngara na Biharamulo

Katika nchi za Maziwa Makuu shujaa hakungoja kusifiwa na wengine, bali alisimama mbele ya mtawala wake na kughani matendo yake kwa utungo ambao Wahaya huuita ebyebugo, yaani majigambo ya kishujaa. Njeo za Kiingereza, ambazo katika wilaya za Ngara na Biharamulo zimeangusha watu wengi kuliko shujaa yeyote, hazina kinywa cha kujighania, na wenyeji waliozimudu kiasi cha kuweza kuzighania kwa kawaida wamekwisha kuhamia Mwanza au Dar es Salaam. Ni haki basi zitungiwe sifa na mwingine, hasa kwa kuwa zimelaumiwa vya kutosha na wanafunzi, wazazi na hata baadhi ya walimu, na kwa kuwa wasomi wa kale, tangu Lucian aliyemsifu nzi kwa Kigiriki hadi Erasmus aliyeusifu upumbavu katika kitabu kilichochapishwa mwaka 1511, walikwisha kuonyesha kwamba hakuna msumbufu asiyestahili mtetezi. Kwa njeo humaanishwa umbo la kitenzi linaloonyesha tendo limetukia lini kwa kulinganishwa na wakati wa kusema, na kwa hali humaanishwa namna tendo linavyotazamwa, ama kwamba limekamilika, ama linaendelea, ama ni la mazoea. Darasani dhana hizo mbili hubanwa pamoja katika jina moja la nyakati, na hapo ndipo utukufu wake unapoanza.

Kila sifa huanzia kwenye nasaba. Wanasarufi wa kisasa, miongoni mwao Randolph Quirk na wenzake katika sarufi yao kubwa ya mwaka 1985, pamoja na Rodney Huddleston na Geoffrey Pullum katika ile ya mwaka 2002, wameeleza kwamba kitenzi cha Kiingereza kwa umbo lake kina njeo mbili tu, ya sasa na ya wakati uliopita, na kwamba mengine yote huundwa kwa vitenzi visaidizi, yaani vitenzi vidogo vinavyotangulia kitenzi kikuu ili kukiongezea maana. Hata wakati ujao hauna umbo lake lenyewe, kwa kuwa huazima msaada wa neno "will", ambalo zamani lilimaanisha kutaka. Lakini njeo hizi mbili zilizaliwa jirani na Kilatini, lugha iliyoheshimiwa kwa wingi wa maumbo yake, na watunzi wa sarufi za shule, kama Robert Lowth mwaka 1762 na Lindley Murray mwaka 1795, wakakifundisha Kiingereza adabu kwa kukipimia vazi la lugha hiyo. Kwa kuzidisha nyakati tatu na hali nne, vitabu vya shule vimepata njeo 12, zote zenye majina marefu, na mwalimu wa Rulenge anapozichora ubaoni katika jedwali huwa anaonyesha muujiza ambao hata mgomba hauwezi, kwa maana mgomba mmoja hautoi vichipukizi kumi kwa msimu mmoja vyote vikiwa na majina ya kukariri.

Kufika kwao katika nchi hii kulikuwa kwa unyenyekevu mkubwa. Mwaka 1861 John Hanning Speke, akitafuta chanzo cha Nile, alipita katika nchi ya Usui, ambayo leo imo katika eneo la Biharamulo na Ngara, na mtawala wake, Suwarora, alimzuia mpaka alipe hongo. Neno hilo wakati ule halikuwa na aibu ya rushwa lililo nayo leo, bali lilimaanisha ushuru halali ambao msafiri alimlipa mwenye nchi, kwa nguo, shanga na nyaya za shaba, ili aruhusiwe kupita. Hivyo basi, Kiingereza kiliingia hapa kikiwa mlipaji. Vita Kuu ya Kwanza ikawaondoa Wajerumani, na mwaka 1919 Waingereza na Wabelgiji wakagawana nchi. Bugufi, ambayo kabla ya hapo ilikuwa chini ya wafalme wa Burundi na ambayo leo ni sehemu ya Ngara, ikabaki upande wa Tanganyika. Kama kalamu iliyochora mpaka huo ingeteleza kidogo, watoto wa Bugufi leo wangekuwa wanakariri vitenzi vya Kifaransa, na sifa hizi zingelazimika kuandikwa na mtu mwenye subira zaidi. Haikuteleza, na kuanzia hapo mkondo wa hongo ukageuka: aliyekuwa akilipa ili apite akawa mwenye mlango, na mwenye nchi akawa msafiri.

Wadhifa wa mlango huo uliimarishwa baada ya uhuru, na njeo zenyewe hazikuuomba. Kuanzia mwaka 1967, mwaka wa Azimio la Arusha na wa Elimu ya Kujitegemea, Kiswahili kilikuwa lugha ya kufundishia katika shule za msingi za serikali, huku Kiingereza kikibaki somo. Sekondari, Kiingereza kikaendelea kuwa lugha ya masomo karibu yote. Mwaka 1982 tume ya rais iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza kwamba Kiswahili kipande hadi sekondari, na serikali ikaukataa ushauri huo. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 ikakitaja tena Kiswahili kuwa lugha ya kufundishia katika ngazi zote, ikaruhusu Kiingereza nacho kiendelee kutumika, nacho kikaendelea. Watumishi wengi wa umma wamehamishwa, wamestaafu au wametumbuliwa katika kipindi hicho, lakini njeo za Kiingereza hazijakosekana kazini hata siku moja. Mtoto aliyemaliza darasa la saba Nyakahura au Kabanga, akijua kueleza kwa Kiswahili fasaha jinsi jani linavyotengeneza chakula chake kwa mwanga wa jua, hufika Kidato cha Kwanza na kuambiwa aeleze jambo lile lile tena, safari hii akichagua kwanza kama jani "makes", "is making", "has made" au "made" chakula hicho. Wengi huona busara kunyamaza, na wengine hulinakili swali lenyewe na kuliweka mahali pa jibu. Wako wanaoliita jambo hili msiba wa elimu, ilhali haki ya njeo ni kusifiwa kwa kuwafundisha vijana fadhila mbili zilizowashinda wahenga wengi, yaani ukimya na kutopoteza maneno.

Fadhila yao ya pili ni kwamba huwaadhibu zaidi wale wanaofikiri kwa mantiki. Mtoto wa Biharamulo anayesema "He has slept" akimwonyesha ndugu yake aliyejinyoosha mkekani hakukosea kufikiri, kwa kuwa katika Kiswahili kiambishi -me- kikiambatana na vitenzi vya kubadili hali, kama lala, simama, kaa, vaa na choka, huonyesha hali iliyopo sasa kutokana na tendo lililokwisha: aliyelala bado yuko usingizini na aliyevaa bado ana nguo mwilini. Kiingereza kwa vitenzi vingi vya namna hiyo kinataka umbo la tendo linaloendelea, "is sleeping", "is standing", "is wearing", na kikiambiwa "has slept" kinaelewa kwamba usingizi umekwisha. Mwalimu aliyezoea kufundisha kwamba -me- ni sawa na "has" huchora alama nyekundu bila kueleza, na mtoto hubaki akiamini kwamba kosa liko akilini mwake, kumbe liko katika ulinganisho aliopewa. Vivyo hivyo, anayeandika "I did not went" ameona wazi kwamba jambo lilipita, akaonyesha wakati uliopita mahali pote panapoweza kuubeba. Njeo za Kiingereza, kwa tabia yao ya kubana matumizi, huuweka wakati huo mara moja tu, juu ya kitenzi kisaidizi, na kukiacha kitenzi kikuu kitupu. Kiswahili nacho hubana matumizi kwa njia iyo hiyo, kwani nilikwenda hugeuka sikwenda bila kubaki na -li-, lakini ni nadra kwa mtoto kuambiwa kwamba anajua tayari kanuni anayoadhibiwa nayo.

Ukarimu wao hauishii hapo. Herufi moja, "s", huongezwa kwenye nomino ili kuonyesha wingi na kwenye kitenzi ili kuonyesha umoja, hivi kwamba "the girl sings" na "the girls sing" huonekana kana kwamba herufi ile ile imeruka kutoka neno moja kwenda jingine, na mwanafunzi anayeizoea huwa ameandaliwa vema kwa ajili ya kodi na sheria nyingine za maisha. Vitenzi visivyofuata kanuni, vinavyokaribia 200, vimeachwa kwa makusudi bila utaratibu ili kumbukumbu za vijana zisichakae: "teach" hutoa "taught" lakini "preach" hutoa "preached", "put" haibadiliki kabisa, "read" hubadilika katika kutamkwa bila kubadilika katika kuandikwa, na "go" imeazima wakati wake uliopita, "went", kutoka kwa kitenzi kingine cha kale, "wend", kisha ikasahau kuurudisha. Katika Ngara, ambako watu huhesabiana madeni ya mahindi na maharage hadi msimu wa pili, mkopaji mwenye ujasiri wa namna hiyo hawezi kukosa kustaajabiwa.

Hata hivyo, sifa isiyotaja matumizi ya kweli ingekuwa kejeli tupu, na njeo hizi zina matumizi ya kweli ambayo wilaya ya Ngara ina sababu ya kuyaelewa kuliko nyingi. Mwanafalsafa Hans Reichenbach, katika kitabu chake cha mantiki cha mwaka 1947, alieleza kwamba kuelewa njeo kunahitaji vituo vitatu, wala si viwili: wakati wa kusema, wakati wa tendo, na wakati wa rejea, yaani mahali ambapo msemaji amesimama akilitazama tendo. Mfano wa vituo hivyo uko Ngara kwenyewe: tarehe 28 na 29 Aprili 1994, kwa muda wa takriban saa 24, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda na kuingia Ngara, na eneo la Benaco, ambalo wenyeji huliandika Benako, likawa kwa ghafla moja ya kambi kubwa za wakimbizi duniani. Aliyeandika ripoti siku iliyofuata kwamba wakimbizi "have crossed" alikuwa amesimama katika wakati wa kusema, akitazama tendo lililopita ambalo matokeo yake yalikuwa mbele ya macho yake: watu walikuwapo, na maji, chakula na dawa vilihitajika saa ile. Aliyeandika "crossed on 28 April" alikuwa ameupeleka wakati wa rejea nyuma, ukakaa pamoja na tendo, na sentensi yake ikawa historia. Ndiyo maana Kiingereza hakikubali "have crossed on 28 April", kwa kuwa tarehe humvuta msomaji kwenda kule ambako neno "have" linamzuia asiende. Aliyeandika kwamba "had crossed" kabla malori hayajafika aliweka kituo cha tatu, yaani ujio wa malori, kisha akalitazama tendo kutoka hapo. Mwisho wa mwaka 1996, serikali ilipowataka wakimbizi wa Rwanda warudi kwao kufikia tarehe 31 Desemba na umati ukavuka daraja lile lile kwa upande wa pili, sentensi ya kwanza ilipoteza ukweli wake bila neno lake moja kubadilika. Mwanafunzi aliyeelezwa hivi hahitaji kukariri jedwali, maana amekwisha kuona kwamba kuchagua njeo ni kuchagua mahali pa kusimama.

Jambo ambalo njeo za Kiingereza hulificha kwa staha ni kwamba mtoto huyo alikuwa tajiri wa vituo hivyo kabla hajakutana nazo. Kihangaza na Kishubi vya Ngara ni ndugu wa Kirundi, Kiha na Kinyarwanda. Kirundi hutenga wakati uliopita wa karibu na ule wa mbali, na mara nyingine tofauti hubebwa na toni, yaani kupanda na kushuka kwa sauti, bila herufi yoyote kubadilika. Kihaya, lugha yenye wasemaji wengi zaidi mkoani Kagera, hutumia maumbo matatu kwa wakati uliopita: moja kwa mambo ya leo, moja kwa mambo ya jana na jingine kwa mambo ya kabla ya hapo. Kiswahili nacho kina -ka- ya masimulizi, inayopanga matukio katika mfuatano, alikwenda, akanunua, akarudi, na kina -ja- ya kukanusha, ambayo katika hajafika humwambia msikilizaji kwamba mtu hayupo na wakati huo huo kwamba anatarajiwa, mzigo ambao Kiingereza kinaubeba kwa kuongeza neno "yet" mwishoni. Mtu anayezitofautisha jana na juzi ndani ya kitenzi kimoja, tangu alipokuwa na umri wa miaka mitatu, kisha akaambiwa katika Kidato cha Kwanza kwamba hana uelewa wa nyakati, amepewa fursa adimu ya kujifunza unyenyekevu kwa gharama ya serikali.

Njeo hizi pia huachilia huru watumiaji wake kutoka kwenye pingu za ukweli. Umbo la wakati uliopita katika "It is time we went" halihusu jambo lililopita, bali jambo ambalo halijafanyika. Katika "If I had money" linahusu fedha ambazo hazipo sasa, sawa na -nge- ya Kiswahili. Na umbo la wakati wa sasa katika "The bus leaves tomorrow" linazungumzia kesho. Neno "shall" katika sheria halitabiri lolote, kwa kuwa maana yake ni kwamba jambo hilo ni la lazima, na kwa miongo mingi mwananchi wa Biharamulo alitawaliwa kwa neno hilo bila kujua kama anaahidiwa au anaamriwa, mpaka marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 yalipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria za nchi. Mwenye kutaka ushahidi zaidi kwamba njeo hazina kinyongo na atazame habari za John Magufuli, aliyezaliwa Chato wakati ilipokuwa bado sehemu ya wilaya ya Biharamulo, akasoma katika Seminari ya Katoke wilayani humo kati ya mwaka 1975 na 1977, akafundisha kemia na hisabati, akapata shahada ya uzamivu, kisha akiwa rais akapendelea kuhutubia wageni kwa Kiswahili. Mlango ulikuwa umempitisha, naye hakuona haja ya kurudi kuupigia saluti.

Wapo watakaopinga sifa hizi kwa kusema kwamba zote zinatokana na ufundishaji mbaya, na kwamba njeo zenyewe hazina hatia wala utukufu. Hoja yao ina nguvu, kwa kuwa hata muhtasari wa somo la Kiingereza wa sekondari wa mwaka 2005 haukupanga mada zake kwa majina ya njeo, bali kwa kazi ambazo msemaji anazifanya, kama kueleza shughuli zinazoendelea, kusimulia mambo yaliyopita na kutaja mipango ya baadaye. Karatasi ilisema hivyo, lakini ubao uliendelea na jedwali, kwa sababu jedwali linafundishika katika darasa lenye wanafunzi wengi na vitabu vichache, linasahihishika haraka, na halimdai mwalimu azungumze Kiingereza kwa zaidi ya dakika tano, jambo ambalo naye, akiwa amepita mlango ule ule, ana haki ya kuliogopa. Kwa maana hiyo jedwali ni risiti ya hongo: linathibitisha kwamba kitu kimelipwa, bila kuonyesha kwamba mlipaji alifika alikokuwa akienda.

Hukumu ya haki basi ni hii. Njeo za Kiingereza zinastahili kufundishwa Ngara na Biharamulo, tena vizuri, kwa sababu Rwanda, ambayo mwaka 2008 iliamua kufundisha kwa Kiingereza, iko ng'ambo ya daraja, na kwa sababu Jumuiya ya Afrika Mashariki inaandika mikataba yake kwa lugha hiyo. Lakini zifundishwe kama lugha, zikianzia kwenye -me-, -ka- na -ja- ambazo mtoto anazo tayari, na kwenye jana na juzi za lugha ya nyumbani kwao, wala zisiwekwe mlangoni kumzuia mtoto anayejua biolojia asiseme anachokijua. Walimu waeleze mahali msemaji anaposimama kabla ya kuchora jedwali, na wasahihishaji watenganishe kosa la njeo na kosa la maarifa wanapogawa alama. Suwarora alitoza hongo ya nguo na shanga, na msafiri alipolipa aliruhusiwa kuendelea na safari yake. Watoto wa leo hulipa miaka minne ya sekondari, na wengi wao bado huzuiwa.